Daraja Letu Ni la Kale Kuliko Saruji Yake

Katika toleo lililopita la gazeti letu ndugu mmoja wa darasa la 11 aliandika habari za madaraja mashuhuri ya dunia. Makala yake ilikuwa nzuri, nami niliisoma mara mbili. Alitueleza habari za daraja la Mostar, katika nchi ya Bosnia, lililojengwa kwa amri ya Sultani wa Waturuki na kumalizika mwaka 1566. Yasemekana Sultani aliapa kumwua fundi ikiwa daraja litaanguka, na yule fundi akashikwa na hofu hata akajichimbia kaburi lake mwenyewe kabla ya kuondolewa miti iliyoshikilia mawe. Daraja halikuanguka. Likasimama miaka 427, mpaka lilipovunjwa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993, kisha likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2004. Akatusimulia pia yale madaraja ya Ulaya yaitwayo Madaraja ya Shetani, ambayo ati Shetani huyajenga kwa usiku mmoja, na ujira wake ni roho ya kwanza itakayovuka, nao watu wa kijiji kwa ujanja wao humtanguliza mbuzi. Tulicheka sana bwenini kwa ajili ya mbuzi huyo.

Lakini mwishoni ndugu yetu alisema neno ambalo halikunipendeza. Alisema kwamba sisi watu wa kaskazini ya Cabo Delgado hatuna daraja la namna hiyo. Hilo tulilo nalo, Daraja la Umoja katika mto Ruvuma, ni la juzi tu, saruji na chuma, halina historia wala hadithi. Mimi kwa heshima zote nasema amekosea, na kosa lake si dogo, maana wengi husema kama yeye, hata watu wazima.

Kwanza nimpe haki yake, maana sipendi kubishana na mtu kwa kumficha ukweli ulio upande wake. Ni kweli daraja lenyewe ni jipya. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na Rais Armando Guebuza wa kwetu pamoja na Rais Benjamin Mkapa wa Tanzania, na tarehe 12 Mei 2010 likafunguliwa na Rais Guebuza huyo huyo na Rais Jakaya Kikwete. Urefu wake ni mita 720. Ni kweli pia kwamba liko mbali sana na pwani yetu. Liko bara, Negomano, katika wilaya ya Mueda, na upande wa pili ni Mtambaswala, katika mkoa wa Mtwara. Mtu wa Palma anayekwenda kumsalimu shangazi yake Mtwara hapiti Negomano. Hiyo ingekuwa kama kuzunguka nyumba nzima ili kuingia katika chumba ulichokaribia mlango wake. Yeye hushuka Namuiranga, akangoja maji ya bahari yajae mtoni, akavuka kwa mtumbwi au kwa boti mpaka Kilambo. Hata njia ya gari kutoka Mueda mpaka darajani ilikaa miaka mingi baada ya sherehe za 2010 ikiwa ya udongo, na wakati wa masika dereva mwenye akili alikuwa akibaki nyumbani kwake.

Hayo yote nakubali. Lakini je, daraja huanza siku linapomwagiwa saruji? Wazo la daraja hili ni la mwaka 1975, wakati nchi yetu ilipopata uhuru, nao Rais Samora Machel na Mwalimu Julius Nyerere ndio waliolitaka. Likangoja miaka 35, vita vikaja, fedha zikakosekana, Samora akafa mwaka 1986 na Mwalimu mwaka 1999, wala hakuna kati yao aliyelikanyaga. Na wao wenyewe hawakulitunga kichwani mwao. Walilitaka kwa sababu watu walikuwa wakivuka mahali hapo tangu zamani, bila ya ruhusa ya mtu, na walivuka kwa wingi kuliko inavyoandikwa.

Nianze na hadithi, kwa kuwa ndugu yetu alisema hatuna. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mwenye elimu, Karl Weule, alipita nchi ya Wamakonde ng'ambo ya mto, akaandika waliyomsimulia. Bibi yangu hajapata kukisikia kitabu hicho wala hajui kusoma, lakini hadithi ile ile aliniambia mimi nikiwa mtoto. Hapo mwanzo alikuwako mmoja tu, peke yake porini, hakuoga wala kunyoa nywele. Akachonga mti kwa mfano wa mwanamke, akausimamisha, na usiku ule mti ukawa mtu mzima. Wakaenda Ruvuma, wakaoga wote wawili. Huko mwanamke akazaa mtoto, naye alikuwa maiti. Wakahama, wakateremka tena katika bonde jingine, akazaa tena maiti. Basi wakapanda juu penye kichaka kikavu, mbali na maji, na mtoto wa tatu akaishi. Ndipo yule baba akawaagiza watoto wake wasikae kamwe mabondeni wala karibu na mito mikubwa, maana huko ndiko maradhi na kifo vinakokaa.

Wengi hudhani hadithi hii ni ya kueleza uchongaji wa Wamakonde, na kweli inafaa kwa jambo hilo. Lakini mimi naona ni hadithi ya Ruvuma. Watu walioagizwa na baba yao wa kwanza wakimbie mto, ndio hao hao waliouvuka kuliko wote. Walivuka kwenda kukata katani katika mashamba ya Tanganyika, huko wakaitwa Wamawia. Walivuka na vinyago vyao mpaka Dar es Salaam, vikauzwa kwa wageni. Mtu ambaye mila yake inamwambia kwamba mto ni kifo, kisha anatia mguu katika mtumbwi kwa sababu ya njaa au kodi au kazi ya kulazimishwa, huyo amejenga daraja kwa gharama kubwa kuliko saruji.

Tena tukumbuke kwamba mto huu haukuwa mpaka. Ulifanywa mpaka mwaka 1886, kwa mapatano ya Wajerumani na Wareno, wala hakuna mvuvi aliyeulizwa. Mwaka 1894 Wajerumani wakaona mapatano yale hayawatoshi, wakachukua na Kionga, iliyo upande huu wa mto. Aprili 1916 Wareno wakairudisha, na mwaka 1919 huko Versailles, Ufaransa, ikaandikwa kuwa ni yao. Ndani ya miaka 25 watu wa Kionga walibadilishiwa bendera mara mbili, na nyavu zao zikabaki zikitegwa mahali pale pale.

Na hapo Negomano penyewe, penye daraja sasa, pana habari kubwa ambayo shuleni tunaipita mbio. Hapo ndipo mto Lugenda unapokutana na Ruvuma. Livingstone alifika hapo mwaka 1866, akitokea Mikindani kwa miguu. Halafu, alfajiri ya tarehe 25 Novemba 1917, jemadari wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alivuka mto na askari wake wenye njaa, akaishambulia ngome ya Wareno, akaishinda, akachukua bunduki, risasi na chakula. Toka hapo akazunguka nchi yetu karibu mwaka mzima, na mwezi wa Septemba 1918 akavuka tena kurudi kaskazini. Vitabu humsifu sana kwa hila zake. Mimi huwafikiria wapagazi waliobeba mizigo yake, na wenye mashamba waliochukuliwa mahindi yao kwenda na kurudi. Kama ndugu yetu anatafuta daraja lenye mizinga kama lile la Mostar, basi alitafute Negomano. Mizinga ilitangulia, daraja likafuata baada ya miaka 93.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kumsikiliza gavana wa Wareno. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walikuwa wamekaa Tanganyika, wakavuka Ruvuma kuja kusema habari za uhuru. Wakakamatwa, watu wakakataa wasichukuliwe, askari wakapiga risasi. Miaka minne baadaye vita vya uhuru vikaanza, na mto ukawa njia ya usiku. Silaha zilitoka kusini ya Tanzania zikapita mtoni, zikabebwa kichwani siku nyingi, na wabebaji wengi walikuwa wanawake. Upande wa kaskazini walikwenda waliochomewa vijiji na wagonjwa na watoto.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Mwaka 1965 alikuwa msichana wa miaka kama 15. Kabla ya kuingia mtumbwini mama yake alimwaga unga kidogo chini ya mti, akanong'ona majina ya wazee wake, kisha akawaambia watoto wasitoe sauti yo yote kwa sababu ya askari. Ndugu yake mdogo bibi alikuwa na kikohozi. Akafunikwa uso kwa kanga, akapakatwa, wakavuka salama. Hawakuonwa na mtu. Siku ya pili, ng'ambo, wakiwa bado kando ya mto, yule mtoto akafa kwa homa. Walimzika hapo hapo, wakaendelea na safari mpaka Rutamba, karibu na Lindi, walikopewa shamba na jembe, nao wakakaa huko mpaka uhuru. Bibi akirudi mwaka 1975 alitafuta mahali pale hakupaona, maana Ruvuma huhama. Kila masika mchanga wa juzi unakuwa maji na maji yanakuwa mchanga.

"Unaona, mume wangu," aliniambia, "mababu hawakusema uongo. Mtoni si mahali pa mtoto."

Je, hii si hadithi ya daraja? Wale wa Ulaya walimpa Shetani mbuzi. Sisi tulitoa watoto kweli, na hakuna aliyecheka.

Mambo haya hayakwisha mwaka 1975. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa mara ya kwanza, mkoa wetu umeonja vita vingine, na tarehe 24 Machi 2021 zamu ikafika Palma. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka yote, nami sitayaeleza hapa, kwa kuwa wengi wenu mnayo ya kwenu. Jamaa zangu walitembea kwa miguu mpaka Nangade. Njiani watu wengine walisema, tuteremke mtoni tuvuke, kama wazee walivyofanya. Bibi akakataa. Akasema yeye ameuvuka mto ule kwenda na kurudi, ya tatu hataki. Mjomba akakasirika, akasema si wakati wa hadithi za kale. Bibi akaketi chini. Basi hawakuvuka.

Waliovuka mwaka ule wengi walirudishwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza mwaka 2021 kwamba maelfu ya watu wa Cabo Delgado walioingia Tanzania kutafuta salama walirejeshwa Msumbiji, na mahali waliporejeshewa palikuwa ni Negomano. Naomba msomaji asipite haraka hapa. Mahali pale pale tulipopaita pa Umoja. Sisemi kwamba Watanzania hawakuwa na sababu ya kuogopa. Oktoba 2020 kijiji chao cha Kitaya, kando ya mto, kilishambuliwa na watu wakauawa. Mtu akiunguliwa jirani hufunga dirisha. Lakini mwaka 1965 pia kulikuwa na hatari, Wareno walikuwa na ndege na mabomu, na mtoto aliyevuka hakuulizwa karatasi. Naye alivuka bila daraja.

Hii ndiyo sababu nasema neno la ndugu yetu si kosa dogo. Tukisema daraja halina historia, yaani limeanza tarehe 12 Mei 2010 kwa hotuba na utepe, basi daraja ni mali ya waliolijenga na waliolifungua, na wao wanaweza kulitumia wapendavyo, leo mlango, kesho ukuta. Lakini tukijua kwamba ni la kale, kwamba lilijengwa na waliovuka, tutakuwa na neno la kusema juu yake. Tutaweza kuwakumbusha wa upande ule kwamba Rutamba ilikuwako, na kwamba waliolimiliki shamba lile kwa miaka kumi walikuwa wageni waliopokewa vizuri. Na wa upande huu tutawakumbusha jambo jingine, ambalo sasa nalisema kwa uwazi.

Wako kati yetu wanaotuambia sisi tuandikao katika kurasa hizi kwamba Kiswahili ni lugha ya ng'ambo, imevuka mto juzi kwa mgongo wa wakimbizi na wafanya biashara, na kwamba mwanafunzi wa Msumbiji angeandika Kireno tu. Mimi Kireno nakipenda, ndicho nitakachofanyia mtihani. Lakini huko Maputo, katika Hifadhi ya Historia ya nchi yetu, zimewekwa barua za masheikh na watawala wa kaskazini wa karne ya 19, walizowaandikia Wareno, na nyingi ni za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wareno wenyewe walihitaji mkalimani ili wazijibu. Na Kimwani cha Ibo na Mocímboa ni ndugu ya Kiswahili, akisema mzee wa Ibo polepole mtu wa Mikindani ataokota maneno mengi. Lugha hii haikuvuka mto, mto ndio uliopita katikati yake.

Basi nina ombi kwa Mhariri na kwa wenzangu. Naomba sehemu hii ya Kiswahili itenge kurasa mbili katika kila toleo kwa ajili ya hadithi za kuvuka Ruvuma. Zisiwe insha za kupendeza mwalimu. Ziandikwe kama mzee alivyosema, kama ni Kimakonde kiandikwe Kimakonde kwanza, kama ni Kimwani au Kimakua vivyo hivyo, kisha Kiswahili chini yake. Mwaka wa kuvuka uandikwe ukijulikana, na mahali pa kuvukia, na kilichobebwa. Jina la mzee lisiandikwe kama hataki. Wengine bado wanaogopa, nao hawakosi sababu. Nasema tufanye hima, maana wazee wengi waliokimbia vijiji vyao walikufa kambini mbali na wajukuu, na wenye kumbukumbu za mwaka 1964 sasa wanapita miaka 70. Kila nikirudi likizo nasikia jina jingine.

Padri msimamizi ameniuliza kama hadithi ya unga chini ya mti inafaa gazeti la misioni. Nilimjibu kwamba aliyemwaga unga ule alikuwa mama mwenye watoto wanne na mtumbwi mmoja, na Padri akasema niiache.

Bibi yangu amerudi Palma tangu mwaka 2022, analima mihogo nyuma ya nyumba. Hajaliona Daraja la Umoja hata mara moja. Likizo iliyopita nilimwonyesha picha yake katika simu. Akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza nguzo zimesimama wapi, juu ya mwamba au juu ya mchanga, nikamwambia fundi wamechimba chini sana. Akaniuliza kama viboko wanapita chini yake, nikasema sijui, labda. Kisha akauliza:

"Na mtu akifika usiku na mtoto, wanamfungulia?"

Nilimwambia kuna ofisi, na ofisi ina saa zake. Akanirudishia simu.

Hadithi yake nimeiandika yote katika daftari la kurasa 40, nayo imefika ukurasa wa 17. Wenzangu wa Nangade, Mueda na Mocímboa da Praia wenye za kwao, wanaweza kunipa mimi au kumwachia Mhariri kabla ya kufunga shule, na ndugu yangu wa darasa la 11 namwomba awe wa kwanza, kwa kuwa najua babu yake alikata katani Tanga.